Kuwashwa si fangasi kila mara: Mama, usinunue dawa kabla hujatazamwa

Kwa muda wa miaka mitatu shangazi yangu alikuwa akiamka usiku kujikuna. Hakumwambia mtu. Mumewe alikwisha kufariki, binti zake wako Nairobi na Thika, na hata wangekuwa nyumba ya pili, ni mama gani wa Runyenjes mwenye umri wa miaka 58 atakayewaita wanawe awaeleze habari za huko chini? Alichuma majani ya chai asubuhi, akaenda kanisani Jumapili, akahudhuria mikutano ya chama, na muda huo wote alikuwa akikaa upande upande kitini kama mtu aliyekalia mwiba.

Siri hiyo niliijua kwa bahati. Nilikuwa nimetoka Meru, nilikoolewa, kwenda kuwasalimu watu wetu wakati wa Krismasi. Nikamkuta nyuma ya nyumba amechutama juu ya beseni la maji ya chumvi, machozi yakimlengalenga. Alijaribu kunificha akashindwa. Tukaingia ndani, akafunga mlango, akanieleza yote. Ninayaandika kwa idhini yake, bila ya kumtaja jina, na kwa sababu tangu siku ile kila ninapoligusia jambo hili mbele ya wanawake wenzangu, awe ni mwalimu au muuza mboga, haipiti dakika tano kabla ya mmoja wao kushusha sauti na kusema, “Hata mimi.”

Alianza na maji ya chumvi kama alivyofundishwa na mama yake. Chumvi ilipomchoma zaidi, akatia kifuniko kizima cha dawa ya kuulia viini katika maji ya kuogea. Kisha akachemsha majani ya mwarobaini. Mwisho akaenda duka la dawa sokoni. Kijana alikuwa nyuma ya kaunta, na nyuma ya shangazi walisimama wateja wengine wawili, mmoja wao mwanamume wa kijijini kwake. Alinong'ona kwamba inawasha na mkojo unachoma. Akapewa vidonge vya rangi mbili vya mkojo na tyubu ya fangasi. Juma moja alipata nafuu, kisha mwasho ukarudi na nguvu mpya. Akaenda duka la pili, na la tatu. Akaenda pia kliniki moja ya kibinafsi, akaulizwa maswali matatu akiwa amekaa kitini, akaandikiwa dawa zilezile kwa jina tofauti.

Tulipohesabu pamoja siku ile, tulipata awamu nne za dawa za kuua bakteria na tyubu sita. Na katika watu wote waliomuuzia au kumwandikia dawa, hakuna hata mmoja aliyemwambia, “Mama, panda kitandani nitazame.”

UNACHOMA NDANI AU NJE?

Malalamiko mawili, mwasho na mkojo unaochoma, ni miongoni mwa yale yanayowapeleka wanawake wengi zaidi hospitalini na katika maduka ya dawa. Shida ni kwamba maneno hayo mawili hutumika kueleza magonjwa zaidi ya kumi, na dawa ya ugonjwa mmoja huweza kuwa sumu kwa mwingine. Ndiyo maana swali la kwanza ambalo kila mama anafaa kujiuliza, na ambalo shangazi hakuulizwa na mtu, ni hili: ninapokwenda haja ndogo, ninachomwa ndani au nje?

Mwanamke mwenye maambukizi ya kibofu huhisi moto ndani, katika mrija wenyewe wa mkojo na chini ya kitovu. Huenda msalani kila mara, anakimbia, na akifika hutoka matone tu. Mkojo huweza kuwa na ukungu, harufu kali au damu. Lakini mwanamke ambaye ngozi yake ya nje imechubuka au imepasuka, yeye huchomwa pale mkojo unapopita juu ya kidonda, mfano wa mtu aliyekata kidole kisha akakamua ndimu. Kibofu chake hakina kasoro. Mkojo wake ukipimwa ni safi. Dawa ya kuua bakteria haitamsaidia hata kidogo. Na zaidi ya hayo itaua wale bakteria wema wanaoishi ukeni na kuulinda, fangasi wapate nafasi ya kustawi. Hapo mama aliyeanza na tatizo moja anakuwa na mawili.

Hivyo ndivyo ilivyomtokea shangazi. Alichomwa nje, akatibiwa ndani, mara nne.

Sitaki mtu afikirie kwamba maambukizi ya kibofu ni jambo dogo. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa karibu sentimita 4, ilhali wa mwanamume hufikia 20 hivi, na tundu lake liko jirani na mahali pa haja kubwa. Bakteria aitwaye E. koli, ambaye makao yake halali ni matumbo, ana safari fupi tu. Inakadiriwa kwamba nusu ya wanawake wote duniani hupata maambukizi haya angalau mara moja maishani. Si uchafu, na si ushahidi wa uzinzi, ingawa ni kweli kwamba tendo la ndoa husaidia kumsukuma bakteria huyo juu. Ndiyo maana wataalamu hushauri mwanamke aende haja ndogo baada ya tendo hilo.

Kuna mama ninayenunua ndizi kwake katika soko la Gakoromone mjini Meru. Yeye hupatwa na ugonjwa huu karibu kila baada ya miezi miwili. Nilipomuuliza hunywa maji kiasi gani kwa siku, alicheka. Kikombe kimoja cha chai alfajiri na kingine jioni. Akinywa zaidi itabidi aende chooni, na kwenda chooni ni kumwachia jirani biashara, kulipa, na kuingia mahali ambapo hataki hata kukanyaga. Basi hujizuia tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Wanawake wanaouza muguka kule Kiritiri wanamwelewa vizuri, na hata abiria wa matatu za Nairobi. Na wasichana wa shule ambazo vyoo vyake havina milango wanajua ninachosema.

Sasa utafiti mmoja nitautaja kwa sababu dawa yake haiuzwi. Wanawake 140 nchini Bulgaria waliokuwa wakisumbuliwa na kibofu mara kwa mara, na ambao walikuwa na mazoea ya kunywa maji machache, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja liliongezewa lita moja u nusu ya maji kila siku kwa mwaka mzima. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2018: waliokunywa maji zaidi waliugua mara 1.7 kwa wastani, na wenzao mara 3.2. Karibu nusu. Nilipomweleza haya mama wa ndizi alinitazama kwa huruma akasema, “Dada yangu, hao wana vyoo.” Sikuwa na jibu, na serikali za kaunti zetu zinafaa kulitafuta.

CHUPA NDOGO YA MAABARA

Njia ya kujua kama ni kibofu ni kupima mkojo. Kipimo cha kwanza ni kijiti chenye vipande vya rangi ambacho hutumbukizwa katika chupa na kutoa jibu kwa dakika mbili. Zahanati nyingi za Meru na Embu huweza kukifanya. Kama ugonjwa unarudi rudi, au mgonjwa ana mimba, mkojo huoteshwa katika maabara ya hospitali kubwa kwa siku mbili au tatu ili bakteria ajulikane kwa jina, na ijulikane pia ni dawa gani inamuua. Kipimo hiki cha pili ni muhimu kuliko zamani. Bakteria wengi wa mkojo katika nchi yetu wamekwisha kuwa sugu kwa dawa za bei nafuu tulizozoea, hasa kwa sababu tumezinunua kiholela, tukameza vidonge sita kati ya kumi na tano na kuweka vingine kabatini vingoje siku nyingine.

Jinsi ya kutoa mkojo huo pia ina maana. Jisafishe kwa maji matupu, tanua mashavu ya uke kwa vidole, acha mkojo wa kwanza uanguke chooni, kinga ule wa katikati katika chupa safi uliyopewa, na upeleke upesi. Chupa ya jemu iliyooshwa nyumbani haifai. Mkojo uliokingwa ovyo hubeba bakteria wa ngozi, na mama mwenye afya njema huambiwa ana ugonjwa.

Wajawazito wasikose kipimo hiki hata kama hawasikii maumivu yoyote. Katika mimba, bakteria huweza kukaa kwenye mkojo kimyakimya kisha wakapanda hadi kwenye figo na kusababisha hata mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake. Hiyo ndiyo sababu ya wauguzi wa kliniki ya wajawazito kukuitisha mkojo, na si kukusumbua. Na mtu yeyote, mjamzito au la, akianza kupata homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya mgongo upande mmoja chini ya mbavu na kutapika, asingoje asubuhi. Figo imeguswa. Damu katika mkojo isiyo na maumivu nayo ni ya hospitali, haina dawa ya kaunta.

FANGASI NA WASIO FANGASI

Turudi nje, kwenye ngozi. Neno fangasi limekuwa kapu la kutilia kila kitu kinachowasha. Fangasi wapo kweli: wanawake watatu kati ya wanne huwapata angalau mara moja. Dalili zao ni mwasho mkali, wekundu, na ute mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda, usio na harufu mbaya. Krimu au vidonge vya kuingiza ukeni vya klotrimazoli huwamaliza kwa siku chache. Lakini wakirudi mara nne au zaidi kwa mwaka, acha kununua krimu na uombe kupimwa sukari. Kisukari kisichodhibitiwa huwapa fangasi karamu, na wako akina mama waliogundua kisukari chao kwa mlango huu. Virusi vya Ukimwi pia hudhoofisha kinga, kwa hiyo kipimo hicho nacho hakina hasara.

Ukiona ute mwepesi wa kijivujivu wenye harufu kama ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, hao si fangasi. Ni bakteria wa ukeni waliopoteza uwiano wao, na krimu ya fangasi haiwagusi. Ute wa kijani au manjano wenye povu, pamoja na mwasho na mkojo kuchoma, huenda ukawa wa kijidudu kiitwacho trikomonasi. Huyu huambukizwa kwa kujamiiana, na hapa ndipo ndoa nyingi hutetereka, kwa maana mume lazima naye ameze dawa hata kama hasikii kitu. Mke akitibiwa peke yake, huweza kuambukizwa tena. Malengelenge madogo yenye maji yanayopasuka na kuacha vidonda vyenye uchungu mkali, ambavyo hufanya kukojoa kuwe mateso, ni habari nyingine kabisa na yana dawa yake. Kisonono na klamidia nazo huweza kuchoma mkojo huku kipimo cha kawaida cha mkojo kikionyesha hakuna bakteria. Kwa kifupi, hata tabibu mwenye uzoefu wa miaka 20 hawezi kuyatenganisha haya kwa kusikiliza tu. Sembuse kijana wa kaunta.

Kisha kuna lile kundi kubwa la wanawake wasio na kijidudu chochote. Wanachowashwa nacho ni usafi wenyewe. Uke hujisafisha wenyewe. Mungu aliutengeneza hivyo, na asidi yake ndiyo askari wake. Sabuni ya manukato, sabuni ya unga iliyobaki katika chupi kwa kukosa maji ya kusuuza, karatasi za msalani zenye rangi na marashi, chumvi, dawa ya kuulia viini, ndimu, na sasa vile vifurushi vya kuingiza ukeni vinavyouzwa kwa simu eti vinatoa sumu na kubana, vyote huikwaruza ngozi ambayo ni laini kuliko ya midomo. Sodo nayo ikivaliwa tangu alfajiri hadi jioni, au kitambaa kisichokauka vizuri kwa kuwa kilifichwa chini ya godoro kisionekane na wanaume, hufanya vivyo hivyo. Anikeni vitambaa hivyo juani. Anayeona haya na aangalie pembeni.

Kwa muda wa majuma mawili jaribu hivi: maji matupu ya uvuguvugu nje tu, bila sabuni, kupangusa kutoka mbele kwenda nyuma, chupi ya pamba isiyobana, na usiku bila chupi kabisa, na mafuta mazito ya kujipaka yasiyo na harufu, yale ya kawaida ya mtoto mchanga, yapakwe nje kuzuia mkojo usiguse mchubuko. Ukiwa unachomwa sana, mimina maji polepole wakati unapokojoa. Wengi hupona kwa hayo tu. Asiyepona ndani ya muda huo asiendelee kujitibu.

WEMBE NA MTO

Kwa wanawake wa Meru na Embu kuna jambo jingine ambalo madaktari wa kutoka mbali husahau kuuliza. Mwaka wa 1956 wazee wa Njuri Ncheke, wakishirikiana na wakoloni, walipiga marufuku tohara ya wasichana katika Meru. Wasichana wengi waliasi, wakatahiriana wenyewe kwa wembe vichakani, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kuvunja amri ile. Wasichana hao walio hai sasa ni nyanya wazee, na binti zao wengi walifuata njia ileile. Sheria ya mwaka wa 2011 inaharamisha kitendo hicho kote nchini, na uchunguzi wa kitaifa unaonyesha kwamba waliokeketwa wamepungua kutoka asilimia 38 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 mwaka wa 1998 hadi asilimia 15 mwaka wa 2022.

Huku kwetu si desturi kushona uke kama inavyofanywa katika baadhi ya jamii za kaskazini mashariki. Hata hivyo, kovu ni kovu. Huweza kuvimba, kufanya uvimbe wenye maji, kuuma linapokwaruzwa na nguo, na kufanya maambukizi ya mkojo yarudi rudi. Mama mwenye kovu asione haya kulitaja. Yeye hakutenda kosa; alitendewa.

Jambo la pili ni kichocho. Watu wengi wa Embu wana jamaa Mwea au hulima mpunga huko, na ni kawaida kusikia kila mkojo unaochoma ukisingiziwa maji ya mitaro. Kichocho cha Mwea ni cha matumbo, hakikai katika kibofu. Kile cha mkojo ni cha Pwani hasa, yaani Kwale, Kilifi, Tana River na majirani zao. Lakini mwanamke aliyekulia huko, au aliyefanya kazi huko akioga na kufua mtoni, huweza kubeba mayai ya mdudu huyo katika shingo ya uzazi na ukeni kwa miaka mingi. Hupata mwasho, ute na damu, akatibiwa magonjwa ya zinaa asiyokuwa nayo, na mumewe akamshuku bure. Inakadiriwa kwamba wanawake milioni 56 barani Afrika wana hali hii. Kwa hiyo ukiwa kwa tabibu wa Meru au Embu nawe uliwahi kuishi Pwani, mwambie, hata kama hakuuliza.

ALIPOTAZAMWA

Baada ya mwaka mpya nilimpeleka shangazi katika hospitali kubwa mjini Embu. Tulifika saa moja asubuhi, tukatazamwa saa sita. Daktari alikuwa kijana wa kiume, na shangazi alipomwona akashika mkono wangu akataka tuondoke. Niliuliza kama muuguzi wa kike angeweza kuwa chumbani. Akaitwa mara moja, bila ya ubishi. Ni haki ya kila mgonjwa, lakini mara nyingi huna budi kuiomba.

Alimtazama kwa muda usiozidi dakika tano. Ngozi ya nje ilikuwa imegeuka nyeupe na nyembamba kama karatasi ya sigara, yenye mipasuko midogo, na mashavu ya ndani yalikuwa yameanza kusinyaa na kushikana. Daktari alikata kipande kidogo cha ngozi akakipeleka maabara, na jibu likathibitisha alilolishuku: ugonjwa wa ngozi uitwao laikeni sklerosasi.

Hauambukizwi. Hautokani na uchafu wala mwanamume. Inaaminika kwamba ni kinga ya mwili inayoishambulia ngozi yenyewe. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na pia wasichana wadogo kabla ya kuvunja ungo. Wakati mwingine mtoto huonekana ana michubuko na damu hata watu wakadhani amenajisiwa. Wote wawili, mtoto na jamaa, wanahitaji daktari anayeujua ugonjwa huu kabla ya jina la mtu kuharibiwa, na wanamhitaji pia kama ni kweli amenajisiwa. Usipotibiwa, ngozi husinyaa mpaka tundu la uke au la mkojo likabanwa, na wanawake wachache, chini ya watano katika kila mia, hupata saratani mahali hapo. Dawa yake ni marhamu kali ya klobetasoli, kiasi kidogo tu, kwanza kila usiku, halafu kwa kupunguza pole pole kwa muda wa miezi mitatu hivi. Baadaye mgonjwa hurudi kuangaliwa kila mwaka.

Msomaji aliye mwangalifu atakuwa ameshtuka kulisikia jina hilo. Naam, klobetasoli ndiyo ileile iliyomo katika baadhi ya tyubu wanazojipaka wanawake kujichubua nyuso ziwe nyeupe. Pia iko, au jamaa yake yuko, katika zile tyubu za tatu kwa moja zinazouzwa madukani, ambazo huchanganya dawa ya mwasho, ya bakteria na ya fangasi. Ndizo alizokuwa akipewa shangazi. Mwasho ulipungua kwa juma moja kwa sababu ya dawa hiyo, ukarudi kwa sababu kiasi hakikutosha wala muda haukufika. Laiti ugonjwa wake ungekuwa fangasi wa kweli, tyubu hiyo ingetuliza mwasho huku ikiwalisha fangasi wenyewe. Tyubu ileile huponya huyu na kumwumiza yule. Tofauti iko katika jicho la aliyetazama.

Daktari alimwona pia na ukavu wa kawaida wa umri wake. Baada ya hedhi kukoma, homoni ya istrojeni hupungua, na ngozi ya uke na ya mrija wa mkojo huwa nyembamba, ikakauka na kuchoma. Tendo la ndoa likawa adhabu, na kibofu kikaambukizwa kwa urahisi. Krimu ya istrojeni ya kutia ukeni husaidia sana na hupunguza maambukizi hayo. Haipatikani kila mahali, na akina mama waliowahi kuwa na saratani ya matiti wazungumze kwanza na daktari wao. Lakini wengi wa wanawake wetu hawajui hata kwamba ipo. Wameambiwa ni uzee, wavumilie.

Nilipokwenda tena Runyenjes wakati wa Pasaka shangazi alinikaribisha chai akiwa amekaa kitini barabara, miguu imekunjwa, kama mtu wa kawaida. Alikuwa analala usiku kucha. Aliniambia kwamba alikuwa amelieleza jambo lake katika chama, wanawake kumi na wanane, baada ya kuhesabu pesa na kabla ya sala ya kufunga. Mwanzo walinyamaza wote wakatazama sakafu. Kisha mweka hazina akauliza jina la daktari.

Siku yake ya kurudi kliniki ilikuwa Jumanne iliyofuata. Nilijitolea kumsindikiza, akakataa. Alisema matatu itajaa, kwa kuwa wenzake wanne wamekwisha kuahidi kwenda naye.